Je, Wanasayansi wa Ulimwengu Nao Hupika Matokeo?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Waswahili walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hivyo mimi naanza kwa kufichua. Muhula wa pili, katika fizikia ya vitendo, kundi letu lilipika matokeo. Wale wa sayansi mmenielewa. Kwa wale walioikimbia fizikia mwisho wa kidato cha pili, kupika ni hivi: unajua jibu ambalo mwalimu analitarajia, basi unaanzia kwenye jibu na kurudi nyuma, ukipachika namba katika jedwali mpaka grafu inyooke kama uzi wa fundi mwashi.

Zoezi lilikuwa la pendula, yaani kijiwe kilichofungwa kwenye uzi. Unakibembeza, unahesabu mabembeo ishirini, unapima muda, mwishowe unakokotoa ile g, kipimo cha jinsi vitu vinavyoongeza kasi vikianguka. Kila mtoto wa kidato cha tatu anajua kwamba g ni 9.8. Sisi tulipata 8.9. Tukatazamana. Tukapika. Tukaleta 9.79, na tulijiona wajanja kweli kwa kutoandika 9.8 kamili, ati isionekane safi mno.

Sasa, stopwochi inayofanya kazi ni moja tu, na makundi sita yalikuwa yakipokezana. Makundi matano yalileta 9.8 au jirani yake. Kundi moja tu, la wale jamaa wa nyuma ambao kila mtu huwaita wavivu, lilipata 8.9 na kuandika 8.9. Tuliwacheka. Mwalimu hakucheka. Alitoa simu yake mfukoni, akaiweka kando ya ile stopwochi, akazianzisha pamoja, akatuambia tutazame. Simu ilipofika sekunde 60, stopwochi ilikuwa inasoma 63. Kumbe alikuwa anajua tangu mwanzo! Saa inayokimbia hivyo hurefusha kila muda kwa asilimia 5, na kwa kuwa katika hesabu muda unazidishwa kwa muda, g inashuka. Gawanya 9.8 kwa 1.05, kisha gawanya tena kwa 1.05, uone utapata ngapi. Wavivu walipata alama zote. Sisi tulipata yai, na ilikuwa haki yetu.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali, nalo ndilo linaloniandikisha haya. Likizo ilipofika, dada yangu anayesoma fizikia chuoni alikuja nyumbani na makaratasi juu ya mfumko wa ulimwengu. Nikayasoma kwa kuibia, halafu kwa ruhusa. Humo nikawakuta watu wazima, wenye digrii tatu tatu, wakifanya jambo ambalo kwa macho yangu lilifanana sana na letu. Walikuwa na nadharia nzuri. Vipimo vikaikataa. Wakaongeza kipande kimoja katika hesabu, na nadharia ikapita. Nikamwuliza, "Dada, si hii ni kupika?" Akanijibu, "Wee, maliza kusoma kwanza." Nimemaliza, au niseme nimekaribia. Haya ndiyo maoni yangu, na msinilaumu kwa kuleta fizikia katika jarida la Chama cha Kiswahili. Kama lugha yetu inaweza kueleza mirathi na mahari, basi na hili inaliweza.

Tuanze na shida yenyewe. Mwaka 1964, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa huko New Jersey, Marekani, nayo ilikuwa na kelele ndogo isiyokwisha, mchana na usiku, upande wowote walioielekeza. Kelele hiyo ni mwanga wa kale uliochoka. Ulitoka wakati ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka kama 380,000. Leo una miaka bilioni 13.8. Joto lake sasa ni nyuzi 2.7 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Ajabu ni hii: upime upande huu wa mbingu, kisha upime upande ule, joto ni lilelile. Tofauti zilizopo ni kama sehemu moja kwa laki moja.

Kwani kuna ubaya gani? Chukua mtahiniwa mmoja wa Lamu na mwingine wa Lodwar. Hawajawahi kuonana, hawana simu, hawana hata rafiki mmoja anayewajua wote wawili. Insha zao zinafika kwa msahihishaji, naye anakuta zinafanana neno kwa neno, hadi makosa ya hijai. Atasema nini? Atasema walionana, hata waape vipi. Basi zile pande mbili za mbingu, ukifuata hesabu za Mlipuko Mkuu peke yake, hazikupata nafasi ya kuonana kamwe. Hata mwanga, ambao hakuna kinachoupita kwa kasi, haukuwa na muda wa kutoka huku ukafika kule. Na bado insha zao ni moja.

Mwaka 1981 Alan Guth, Mmarekani, alichapisha jibu: walionana zamani, walipokuwa karibu sana, kisha wakatenganishwa ghafla. Sehemu ndogo mno ya anga ilijirudufu ukubwa, ikajirudufu tena, na tena, ndani ya kipindi kifupi ambacho sina neno la kukitaja. Inasemekana kujirudufu mara 86 hivi kunatosha. Chukua jedwali lako la logi: logi ya 2 ni 0.3010, zidisha kwa 86 upate 25.886. Hiyo ni kama 77 ikifuatwa na sifuri 24. Punje ya mchanga ikikuzwa hivyo inapita mbali kundi letu zima la nyota. Huo ndio mfumko. (Mhariri alipoliona neno hili alidhani ninataka kulalamikia bei ya unga.) Guth mwenyewe aliandika humo humo kwamba mfumko wake haukuwa na njia nzuri ya kukoma. Mwaka 1982 Andrei Linde upande mmoja, na Andreas Albrecht na Paul Steinhardt upande mwingine, wakaurekebisha. Likumbuke jina la Steinhardt, tutarudi kwake.

Kitu gani kilisukuma? Wanasema ni uga skala. Neno lisikutishe. Ukitazama utabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni, kila mji una namba yake: Nairobi 22, Mombasa 31, Lodwar 36. Ni namba tu, haina mshale. Mahali popote utakapoweka kidole pana namba: huo ni uga skala. Upepo si hivyo, maana upepo lazima useme unaelekea wapi. Sasa fikiria kwamba mwanzoni anga yote ilijaa uga wa namna hiyo, ambao wanafizikia huuita fai, na kwamba kila thamani ya fai ilikuwa na nishati yake. Chora grafu, fai chini, nishati ikisimama. Unapata mlima. Uga ni kama mpira ulioachwa huko juu uteremke polepole.

Mpira ukiwa bado juu, nishati yake haizimuliwi hata anga ipanuke vipi. Vitu vya kawaida havifanyi hivyo. Ukipanua anga vinakonda, kama sukari katika chai iliyoongezwa maji kwa ajili ya wageni. Nishati ya uga haikondi, na kwa sheria za Einstein nishati isiyokonda huisukuma anga izidi kupanuka. Mpira ukifika bondeni mfumko unakwisha, nishati inageuka joto na chembe, na ulimwengu tunaoufahamu unaanza safari.

Basi mlima una sura gani? Hapo ndipo penye vita. Hakuna aliyekuwapo kuuona, lakini umeacha alama. Fizikia ya kwanta huutingisha mpira kidogo kidogo unapoteremka, na mitingishiko hiyo imebaki katika ule mwanga wa kale. Ndizo zile tofauti za moja kwa laki, ambazo setilaiti ya Marekani iitwayo COBE ilizigundua mwaka 1992. Humo zinatoka namba mbili. Moja nitaiita mwinamo: inaeleza kama viwimbi vipana na viwimbi vyembamba vina nguvu sawa. Vikiwa sawa kabisa, mwinamo ni 1. Nyingine wanaiita r: nguvu ya mawimbi ya uvutano, yaani mtikisiko wa anga yenyewe, ikigawanywa kwa nguvu ya viwimbi vya kawaida. Mlima mkali hutoa r kubwa. Mlima uliolala hutoa r ndogo.

Mlima mwepesi kuchora ni fai kwa kipeo cha nne, mara namba iitwayo lamda. Milima ya namna hii Linde aliileta mwaka 1983. Huu unatabiri mwinamo wa 0.95 na r ya karibu 0.27. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Planck, iliyorushwa mwaka 2009, ilitoa matokeo yake ya mwisho mwaka 2018: mwinamo 0.965, na shaka ya 0.004 huku na huku. Darubini za BICEP na Keck zilizoko Ncha ya Kusini, zikitumia na data za Planck, zilitangaza mwaka 2021 kwamba r haizidi 0.036. Nadharia inasema 0.27, mbingu inasema chini ya 0.036! Hiyo ndiyo 8.9 yao.

Na sasa kiraka. Katika hesabu ya kawaida, uga na uvutano ni kama wapangaji wawili wa ploti moja. Wanajuana kwa sababu wanapita mlango mmoja, basi. Uga una nishati, nishati inapinda anga, hakuna zaidi. Kiraka kinasema: la hasha, hawa wameoana. Nguvu ya uvutano yenyewe inategemea thamani ya uga mahali hapo. Wanaandika hivi: fai kwa kipeo cha pili, mara mpindo wa anga, mara namba iitwayo ksai. Ksai ikiwa sifuri hakuna ndoa. Ksai ikiwa kubwa, mmoja hapumui bila mwenzake.

Tazama kinachoupata mlima. Hesabu ni ya kidato cha pili. Kimo chake kinakua kama fai kwa kipeo cha nne. Lakini rula yako ya kupimia haitulii tena, kwa sababu kipimo cha uvutano sasa kinakua kama fai kwa kipeo cha pili. Ukitaka kusoma kimo kana kwamba uvutano haubadiliki, yaani kwa rula iliyotulia, inabidi ugawanye kwa kipimo hicho mara mbili. Juu kuna kipeo cha nne. Chini kuna kipeo cha pili mara mbili, ambacho ni kipeo cha nne. Vinakatana! Mlima uliokuwa ukipanda bila kikomo unakuwa uwanda wa juu. Ni kama kutembea Uasin Gishu: tambarare, tambarare, halafu ghafla umefika ukingo wa Elgeyo na Bonde la Kerio liko chini ya miguu yako. Mpira juu ya uwanda huo unatambaa tu. r inaanguka kutoka 0.27 hadi 0.0033, na mwinamo unakuwa 0.967, ndani kabisa ya vipimo vya Planck. Nilipomaliza mistari hiyo niliinuka nikaizunguka meza. Dada alinicheka.

Ni kupika au si kupika? Kuna wakubwa wanaosema kwamba nyumba nzima ya mfumko imekuwa jiko. Yule Steinhardt, mmoja wa waasisi wenyewe, aliandika mwaka 2017 pamoja na Anna Ijjas na Abraham Loeb kwamba nadharia hii inanyumbulika mno hata hakuna kipimo kinachoweza kuiangusha. Wanasayansi 33, wakiwamo Guth, Linde na Stephen Hawking, walimjibu kwa barua, na si kwa upole. Mimi ni nani nikae kati ya fahali hao? Lakini haya ni maoni, nami ninayo.

Jambo lililonigeuza ni tarehe. Sisi tulipika baada ya kuona 8.9. Wao je? Alexei Starobinsky, Mrusi, aliandika kielelezo chake mwaka 1980, hata kabla ya makala ya Guth kutoka. Aliongeza katika hesabu za uvutano mpindo wa anga uliozidishwa kwa wenyewe, na ilibainika kwamba ndani ya kipande hicho kumejificha uga skala na uwanda uleule. Mwaka 1981 Viatcheslav Mukhanov na Gennady Chibisov walikokotoa viwimbi vyake na kukuta mwinamo usiofika 1 kamili. Ile ndoa ya fai na uvutano yenye ksai kubwa iliandikwa na D. S. Salopek, J. R. Bond na J. M. Bardeen mwaka 1989, kisha Redouane Fakir na William Unruh mwaka 1990. COBE ilikuwa bado haijaona kiwimbi hata kimoja! Shida yao haikuwa r. Shida yao ilikuwa kwamba bila ndoa, lamda lazima iwe ndogo kupita kiasi, kama moja chini ya 1 yenye sifuri 13, la sivyo viwimbi vinakuwa vikubwa mno. Basi kiraka kilikuwa tayari kabla nguo haijachanika pale tunapopatazama leo. Huwezi kumshtaki mtu kwa kupika jibu la mtihani ambao haujatungwa.

Jambo la pili alinieleza dada, na nilikaa nalo siku mbili kabla halijaingia. Nilikuwa nikidhani kwamba anayeandika ksai amejiongezea kitu, na anayeiacha ni mnyofu. Kumbe ukiianza hesabu na ksai ya sifuri, katika anga iliyopinda, uga unaojigusa wenyewe huileta tena kwa mlango wa kwanta. Kwa hivyo sifuri nayo ni chaguo, tena la kimyakimya. Hapo nikaikumbuka stopwochi yetu. Sisi hatukuandika popote kwamba "tunaamini saa hii ni sahihi". Tuliamini tu. Mlima wa kipeo cha nne haukuwa na hatia peke yake. Palikuwa na dhana pembeni ambayo hakuna aliyeitazama.

Lakini ngoja, nisije nikaonekana nimenunuliwa. Wale jamaa wa nyuma wangeweza kusema "saa ni mbovu" bila ushahidi, na kila mwenye jibu baya angesema vivyo hivyo hadi mwisho wa dunia. Mwalimu hakusema tu. Aliweka simu kando. Kwangu mimi kipimo ndicho hicho: ukisema kosa liko kwenye ksai, simu yako iko wapi?

Kwa upande mmoja jibu lao halijaniridhisha. Uga skala wa msingi ambao tunajua kwa hakika upo ni mmoja tu, uga wa Higgs, ambao chembe yake ilitangazwa kule CERN, Geneva, tarehe 4 Julai 2012. Mwaka 2007 Fedor Bezrukov na Mikhail Shaposhnikov walipendekeza kwamba huohuo ndio uliofumsha ulimwengu, bila kuzua uga mpya. Wazo tamu sana! Lakini ukiitumia lamda kama ilivyopimwa katika maabara, ksai inataka kuwa zaidi ya 10,000. Wapinzani wanasema kwamba ksai kubwa hivyo hufanya hesabu zianze kutia shaka mapema, kabla hazijafika mbali. Isitoshe, lamda ya Higgs hupungua nishati inapopanda, na kutegemea uzito kamili wa chembe nyingine iitwayo kwaki ya juu, inaweza kushuka hata chini ya sifuri, na hapo uwanda wote unabomoka. Mimi hapo napunguza makofi. Si kupika, lakini chumvi imezidi.

Kwa upande mwingine simu wanayo, nayo ni ile 0.0033. Hawasemi "r ni ndogo" wakanyamaza. Wametaja namba. Na msidhani hawakuhatarisha kitu. Tarehe 17 Machi 2014, kundi la BICEP2 lilitangaza kwamba limeona mawimbi ya uvutano ya mwanzo wa dunia, r ikiwa 0.2. Magazeti ya dunia nzima yaliandika. Mjumbe wao alimbishia Linde hodi nyumbani, na video ya tukio hilo ilizunguka kila mahali. Watu wengi wanakumbuka furaha ile. Mimi nilipoisoma niliwafikiria watu wa uwanda. Kwao siku ile ilikuwa matanga. 0.2 dhidi ya 0.0033 haina mjadala. Starobinsky angefunga virago na ndoa ya ksai kubwa ingezikwa naye. Kwa miezi kama kumi walikuwa maiti mbele ya watu. Kisha mwishoni mwa Januari 2015 wenye BICEP2 walikaa meza moja na wenye Planck, wakachambua pamoja, wakakiri kwa kalamu yao wenyewe kwamba ishara ile haikuthibitika: vumbi la kundi letu la nyota lilikuwa limeichafua. Hebu fikiria kuandika hivyo baada ya dunia nzima kukupigia makofi. Sisi tulishindwa kuandika 8.9 mbele ya darasa la watu arobaini.

Ndiyo maana sikubaliani na Steinhardt kwa jumla jumla. Labda "mfumko" kama jina la ukoo hauuawi, maana ukoo una watoto wengi. Lakini mtoto mmoja mmoja anauawa. Mlima wa kipeo cha nne usio na ndoa umekufa, nimewaonyesha kaburi. Uwanda ulikufa ukafufuka, na unaweza kufa tena.

Na wiki niliyokuwa naandika rasimu hii nikagundua kwamba kweli umeanza kuugua. Mwezi Machi 2025, wenye darubini ya Atacama huko Chile, ambayo ilifanya kazi hadi mwaka 2022, walitoa matokeo yao. Wakiyachanganya na ya Planck na vipimo vya galaksi, mwinamo unakuwa 0.974, shaka ikiwa 0.003. Uwanda ulisema 0.967. Tofauti ni zaidi ya mara mbili ya shaka yenyewe. Si kifo, ni homa. Na wapo wanaosema data zilizochanganywa hazipatani vizuri zenyewe kwa zenyewe, tusikimbilie kuchimba kaburi. Lakini mwezi uleule wa Machi, Renata Kallosh, Linde na Diederik Roest walitoa makala yenye ndoa ya aina nyingine: badala ya fai kwa kipeo cha pili kugusa mpindo wa anga, fai yenyewe ndiyo inagusa, na mlima ni wa kipeo cha pili. Ghafla mwinamo ni 0.975. Niliruka! "Dada, hapa sasa wamepika! Namba imetoka, na kabla mwezi haujaisha tayari mchuzi uko mezani!"

Hakubishana nami sana. Alikubali kwamba kiraka kinachoshonwa baada ya nguo kuchanika hakistahili heshima ya kile kilichotangulia. Lakini alinifanya nigeuze ukurasa. Hao nao wameandika r yao, na si 0.0033. Ni kama 0.0086. Huwezi kuirekebisha moja ikawa nyingine bila watu kukuona. Japani inapanga setilaiti iitwayo LiteBIRD ambayo lengo lake ni kuipima r kwa shaka isiyofika 0.001, na huko Atacama darubini mpya za Simons zimeshaanza kutazama. Starobinsky hataliona jibu. Alifariki Desemba 2023. Mimi, Mungu akipenda, nitakuwa mtu mzima mwenye kazi yake, au niseme mwenye kutafuta kazi.

Basi tumewekeana dau. Nyuma ya kitabu changu cha majedwali ya logi nimeandika 0.0033 na jina langu, na chini yake dada ameandika 0.0086 na lake. Alitaka kutumia penseli nikamkatalia, tumetumia wino. Atakayeshindwa atanunua chai na mandazi ya nyumba nzima, kwa bei ya wakati huo, mfumko au si mfumko.